Kesh ama bima? Nani hulipa ukienda kwa mnasihi

Ukifika katika kliniki yoyote ya binafsi hapa Kenya, kabla hujaulizwa unaumwa wapi utaulizwa: "Kesh ama bima?" Kwa malaria au jino, jibu ni jepesi. Unatoa kadi, unaweka kidole kwenye mashine, unaketi kungoja jina lako. Kwa aliyekuja kuzungumza na mnasihi, swali hilo dogo lina matawi mengi, na wengi huyajua matawi hayo wakiwa wameshakwama juu ya mti.

Mimi nilikwama. Miaka kadhaa iliyopita, baada ya msiba nyumbani, nilianza kumwona mnasihi niliyeelekezwa na rafiki. Kadi ya bima ya kazini nilikuwa nayo, na kijitabu chake kilisema waziwazi kwamba ushauri nasaha umo. Nikahudhuria vikao sita, nikalipa kwa M-Pesa, nikakusanya risiti, nikapeleka madai. Yakarudi yote sita, na karatasi moja iliyopigwa mhuri juu yake. Nilikasirika, kisha nikakisoma kile kijitabu hadi kurasa za mwisho ambazo hakuna anayezisoma. Hakikuwa kimedanganya. Mnasihi wangu hakuwemo katika orodha ya kampuni. Sikuwa na barua ya daktari ya kunituma kwake. Na kwenye fomu, mahali pa kuandika ugonjwa, mnasihi alikuwa ameandika neno moja tu: msiba.

Tangu hapo watu wengi wameniuliza kama bima hulipia kaunsela, nami nimejifunza kutojibu ndiyo wala la. Bima hailipi mazungumzo. Bima hulipa tiba ya ugonjwa wenye jina, inayotolewa na mtu mwenye leseni, mahali palipokubaliwa, kutoka katika fungu lenye kikomo. Ukikosa kimoja kati ya hivyo vinne, kadi yako ni plastiki.

Aliye upande wa pili wa meza

Mtaani wote huitwa kaunsela, na hapo ndipo mkanganyiko huanzia. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyesomea udaktari kwanza kisha akabobea. Anaweza kuandika dawa na kukulaza. Kampuni ya bima humlipa bila maneno mengi kwa sababu inamwona kama inavyomwona daktari wa moyo au wa ngozi. Mwanasaikolojia hakuandikii dawa. Kazi yake ni kupima na kutibu kwa mazungumzo yenye utaratibu. Mnasihi amesomea ushauri nasaha, kwa stashahada au shahada, na ndiye wengi wetu huishia kwake. Wanasihi na wanasaikolojia wanaongozwa na sheria yao ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Kwa hiyo kumwomba mtu nambari yake ya usajili si utovu wa adabu. Kwa upande wa pesa ndilo swali la kwanza, maana dai lisilo na nambari hiyo halifiki popote.

Kampuni nyingi hupenda safari iwe na mpangilio huu: unaanza kwa daktari wa kawaida au wa magonjwa ya akili aliye katika orodha yao, yeye anaandika barua ya rufaa inayotaja tatizo na idadi ya vikao, kampuni inatoa idhini, kisha unaenda kwa mnasihi. Kwa mgonjwa hii huonekana kama kuzungushwa. Mtu aliyekusanya ujasiri miezi mitatu ili aseme mambo yake mara moja, sasa anatakiwa kuyasema mara mbili, ya kwanza kwa daktari mwenye foleni ya watu ishirini mlangoni. Sina jibu zuri kwa hilo. Ninachoweza kusema ni kwamba ile barua ina thamani ya vikao vyote vinavyofuata, na daktari hahitaji kusimuliwa kisa kizima. Inatosha kumwambia hulali, huli, kazi haifanyiki, na tangu lini.

Fungu, na fungu ndani ya fungu

Bima za afya za binafsi hapa kwetu zimegawanywa pande mbili: kulazwa, na wagonjwa wa nje. Upande wa kulazwa una mamilioni. Upande wa wagonjwa wa nje mara nyingi una makumi ya maelfu au laki kadhaa, na familia nzima hula kutoka sufuria hiyo moja.

Sasa tazama afya ya akili imewekwa wapi. Mikataba mingi huitaja, na wakala akija kukuuzia ataigusa kwa kidole: hii hapa, imo. Ila ukisoma kwa utulivu utaikuta iko upande wa kulazwa, tena na kikomo chake kidogo ndani ya kile kikubwa. Maana yake ni kwamba ukizidiwa hadi ukalazwa, kampuni italipa hadi kiasi fulani. Ukitaka kumwona mtu kila Alhamisi jioni ili usifike huko, fungu hilo halikuhusu. Wapo wanaoiweka pia upande wa wagonjwa wa nje, wengine kwa idadi ya vikao, wengine kwa shilingi.

Chukua mfano. Familia ya watu watano ina Sh80,000 za wagonjwa wa nje kwa mwaka. Mama anaanza vikao kwa Sh4,000, kila wiki. Wiki kumi na mbili ni Sh48,000. Hata kama mkataba hauna kikomo maalumu cha ushauri nasaha, amekula zaidi ya nusu ya sufuria, na watoto bado hawajapata mafua ya Julai. Nimeona ndugu wakigombana kwa jambo hili bila mtu yeyote kulitaja kwa jina. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe ni la wote.

Juu ya hapo kuna muda wa kusubiri. Ukinunua bima yako mwenyewe, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kujiunga mara nyingi hulipiwa baada ya mwaka mmoja, na kwa kiasi kidogo. Bima ya mwajiri mkubwa kwa kawaida huondoa sharti hilo, kwa kuwa kampuni ya bima inapata watu mia tatu kwa mpigo na wengi wao ni wazima. Ndiyo maana watu wawili wenye kadi za rangi moja, kutoka kampuni moja, wanaweza kwenda kwa mnasihi yuleyule, mmoja akapita na mwingine akaambiwa alipe kesh. Kilichowatofautisha ni mkataba. Kwa hiyo usiulize rafiki kama kampuni fulani inalipa. Uliza mkataba wako.

Sheria imejaribu kuingilia kati. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanampa mwenye ugonjwa wa akili haki ya kupata bima ya matibabu, na yanakataza kampuni za bima kumbagua anapoitafuta. Ukikataliwa bima yenyewe kwa sababu uliwahi kutibiwa sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, una pa kusimamia: iandikie kampuni kwanza, na isipojibu peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima. Lakini kikomo kidogo cha fungu ni jambo jingine, na mikataba bado imejaa vikomo vya aina hiyo. Angalia pia orodha ya yasiyolipwa. Ni kawaida kukuta humo majeraha ya mtu kujidhuru, na mara nyingi matibabu ya uraibu. Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Karatasi za bima ni kitu kingine, na mtu wa kuzisoma ni wewe kabla ya kutia sahihi.

Msiba una namba, lakini si ya ugonjwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mimi nilipoanguka na ndipo pasipoelezwa.

Kila dai la matibabu huenda na alama kutoka orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, matatizo ya akili yako chini ya herufi F. Kipindi cha sonona ni F32. Mtu aliyeelemewa na mabadiliko makubwa ya maisha hadi akashindwa na shughuli zake huweza kupewa F43.2. Lakini kuna herufi nyingine, Z, yenye mambo ambayo si ugonjwa ila humpeleka mtu kutafuta huduma. Humo ndimo mna ugomvi wa wanandoa, Z63.0, na kufiwa au kupotelewa na mtu wa familia, Z63.4. Kwa hiyo msiba una namba. Kampuni ya bima ikiona Z husoma hivi: huyu si mgonjwa. Na mkataba wake ni wa kulipia wagonjwa.

Ndiyo sababu ushauri wa ndoa karibu haulipwi kabisa, wala ushauri kabla ya ndoa, wala wa mzazi na kijana wake asiyesikia. Watu wawili wasioelewana hawana ugonjwa. Lakini mmoja wao akiwa amekosa usingizi miezi miwili, amepungua uzito na haoni tena maana ya kuamka, huyo peke yake anaweza kuwa na sonona kweli, na tiba yake ikalipwa. Kinachoamua ni kile anachokiona daktari. Sisemi umwombe mtu akuandikie ugonjwa usio nao. Huo ni udanganyifu, na utakurudia. Nasema umweleze daktari dalili zote za mwili na za kazi, usimweleze kisa tu, maana Mswahili akiulizwa anaumwa nini huanza na nani alimkosea.

Jina hilo likishaandikwa, halifutiki kwa urahisi. Mwaka ujao ukitaka kununua bima ya maisha, au bima yako mwenyewe baada ya kuacha kazi, fomu itakuuliza kama umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili. Lazima ujibu kweli, kwa kuwa mkataba wa bima husimama juu ya uaminifu na jibu la uongo linaweza kuuangusha siku unapouhitaji. Watu wachache sana huambiwa hili kabla ya kikao cha kwanza. Wengine wakilijua huamua kulipa wenyewe, wengine huona ni bei ndogo. Mimi nadhani mwenye sonona nzito asisite hata kidogo kutumia kadi, ila anayetaka vikao vinne vya kupumua baada ya kuachishwa kazi ana haki ya kulifikiria mara mbili.

Faragha nayo ina njia zake za kuvuja. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, sawa. Lakini katika kampuni nyingi, kadi ikitumika, ujumbe wa salio huingia kwenye simu ya mwanachama mkuu. Mke anayetumia kadi ya kazini kwa mume, na amekwenda kuzungumza juu ya huyohuyo mume, afahamu kwamba jina la kliniki na kiasi kilichotolewa vinaweza kufika nyumbani kabla yake. Vivyo hivyo kijana wa chuo anayetegemea kadi ya baba. Methali hutuambia mficha uchi hazai. Ni kweli mbele ya mnasihi, lakini mbele ya simu ya mwanachama mkuu sina hakika.

SHA nayo?

Mamlaka ya Afya ya Jamii, bima ya afya ya serikali ambayo kila mtu huiita SHA, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, bila kiwango cha juu. Anayepata Sh40,000 hukatwa Sh1,100, na wa Sh100,000 hukatwa Sh2,750. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya kaya yake, kiwango cha chini kikiwa Sh300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka kwa pamoja. Kujisajili ni kwa simu, *147#.

Huduma za afya ya akili zimo katika kifurushi cha hazina ya bima ya jamii, na matibabu ya uraibu pia yamo. Lakini SHA huingia mikataba na hospitali na vituo. Mnasihi wako mwenye chumba kimoja juu ya duka la dawa pale Ngara, hata awe hodari vipi, si kituo cha afya, na SHA haina njia ya kumlipa. Kwa hiyo ukitaka kuitumia, safari yako inaelekea hospitali: ya kaunti yenye kitengo cha akili, au ya rufaa kama ile ya Moi kule Eldoret, au Mathari yenyewe, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili jijini Nairobi. Uliza dirishani kabla ya kuketi kama huduma unayotaka iko katika mkataba wao na SHA, na kama ni ya kutwa au ni ya kulazwa tu. Kwa zahanati na vituo vya afya vya umma kuna Hazina ya Afya ya Msingi, inayogharamiwa na serikali, na kwa hiyo aliyejisajili huhudumiwa hata kama michango yake haijakamilika. Pale mhudumu anaweza kukusikiliza, kukupima na kukuandikia rufaa. Usimtarajie akupe saa nzima kila wiki.

Mathari najua wengi huiogopa. Ilianza mwaka 1910, na kwa miaka mingi jina lake limetumika mitaani kama tusi. Kliniki yake ya wagonjwa wa nje, hata hivyo, hupokea walimu, askari, wanafunzi na akina mama wenye watoto mgongoni, na gharama zake haziko karibu na za Nairobi ya juu. Mtu akiniambia hana bima, hana kesh, na hali imekuwa mbaya, hiyo ni sehemu ya kwanza ninayomtajia.

Kulipa mwenyewe

Jijini Nairobi kikao cha dakika hamsini au saa moja kwa mnasihi wa kawaida huangukia kati ya Sh2,000 na Sh5,000. Wanasaikolojia wenye jina hupita hapo kwa mbali. Kosa ambalo watu hufanya ni kuhesabu kikao kimoja. Mtu anaona Sh3,500, anasema nitajibana, anakwenda mara mbili, ya tatu karo inaingia, basi. Sh7,000 zimekwenda, naye amefika pale tu ambapo kidonda kimefunguliwa na hakijafungwa. Hesabu vikao vyote tangu mwanzo. Kwa Sh3,500, vikao vinane ni Sh28,000. Nauli ya kwenda na kurudi, tuseme Sh200, ni Sh1,600 zaidi. Kama Sh29,600 hazipo na hazitapatikana, ni bora kulijua leo na kutafuta bei unayoiweza hadi mwisho.

Na bei hizo huzungumzwa. Wanasihi wengi wana watu wachache wanaowatoza kulingana na mapato yao, ila hawaliandiki kwenye bango. Unauliza kwenye simu, kabla ya kikao, kwa lugha ya heshima tu: "Daktari, uwezo wangu ni elfu moja mia tano kwa kikao, kwa vikao nane. Je, inawezekana kwako, au kuna mwenzako unayeweza kunielekeza kwake?" Aliyezoea kazi hii hatakasirika. Akisema haiwezekani, sehemu ya pili ya swali lako huleta jibu mara nyingi.

Njia nyingine ni wanafunzi. Anayesomea ushauri nasaha lazima akamilishe saa za mazoezi chini ya msimamizi, kwa hiyo vyuo na vituo vya mafunzo, Amani Counselling Centre ya Nairobi ikiwa mojawapo ya vinavyojulikana, hupokea watu kwa ada za chini kuliko ofisi binafsi. Usimdharau mwanafunzi. Kila kikao chako kinapitiwa na mwalimu wake, jambo ambalo mnasihi wa miaka ishirini peke yake ofisini huenda hana.

Kuna pia ushahidi kwamba msaada wa maana hauhitaji kuwa mrefu wala wa gharama kubwa. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Nairobi kwa mbinu iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Wanawake 421, wengi wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata vikao vitano vya dakika tisini kutoka kwa wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa kwa kazi hiyo, si wanasaikolojia. Dhiki yao ilipungua zaidi kuliko ya wale waliopelekwa kwenye huduma za kawaida. Vikao vitano. Kwa hiyo mnasihi akikuambia kikao cha kwanza kwamba utahitaji mwaka mzima, muulize kwa nini, na mpango wake wa wiki sita za mwanzo ni upi.

Mchungaji, padri na shehe hawatozi, na kwa wengi ndio mlango wa kwanza. Sina ugomvi na hilo, mradi mtu anayetaja kujidhuru au anayesikia sauti asiishie hapo.

Anayelipa mwenyewe hupata pia vitu ambavyo kadi haiwezi kununua. Anamchagua amtakaye. Hakuna jina la ugonjwa linaloandikwa popote zaidi ya daftari la mnasihi. Wanandoa wanaweza kuketi pamoja. Wapo walio na bima nzuri kabisa ambao hulipa kesh kwa makusudi, na sioni kama ni wajinga.

Mlango ambao wengi hawaujui

Waajiri wakubwa, benki na mashirika hasa, hulipia mpango wa ushauri kwa wafanyakazi. Huu si bima. Mwajiri hulipa kampuni ya wanasihi, na mfanyakazi hupewa nambari ya simu na vikao kadhaa bila malipo, mara nyingi pamoja na mwenzi na watoto. Hauhitaji jina la ugonjwa wala barua ya daktari, na msiba wangu na ndoa ya jirani yangu vyote vinapokelewa. Nilipogundua kwamba ofisi yetu ilikuwa nao mwaka uleule nilipokuwa nikilipa mfukoni, nilicheka kicheko kisicho cha furaha: bango lake lilikuwa nyuma ya mlango wa choo.

Watu huogopa kwamba bosi atajua. Kwa kawaida mwajiri hupokea hesabu tu, wangapi walikwenda na kwa mambo gani kwa jumla. Lakini katika ofisi ya watu tisa hesabu peke yake inaweza kukutaja. Mpigie mnasihi mwenyewe, si kitengo cha wafanyakazi, na umwulize ripoti yake ina nini. Uliza pia kama unaweza kuendelea naye kwa kulipa vikao vikiisha, kwa kuwa mipango mingine hukataza.

Makaratasi

Kama umeamua kudai fidia, yaani kulipa kwanza na kurejeshewa, piga simu kabla ya kikao cha kwanza na uombe jibu kwa barua pepe. Wanamlipia mnasihi aliye nje ya orodha? Kwa kiwango chake au kwa kiwango chao? Maana unaweza kulipa Sh5,000 ukarudishiwa Sh2,500, na hapo hakuna aliyekosea. Wanataka idhini ya awali? Fomu ijazwe na nani? Ujumbe wa M-Pesa peke yake hautoshi. Kampuni nyingi hutaka risiti rasmi ya kodi, na mnasihi mdogo huenda hana mfumo huo, kwa hiyo muulize mapema. Kisha kuna siku ya mwisho ya kupeleka madai, mara nyingi siku 60 au 90 tangu siku ya huduma. Usingoje umalize vikao vyote ndipo upeleke bahasha moja nene. Mimi nilifanya hivyo. Laiti ningepeleka ile ya kwanza peke yake, ingekataliwa ikiwa moja, na zile tano nyingine ningezitafutia njia.

Anayejilipia bima mwenyewe asisahau upande wa kodi. Malipo ya bima ya afya ya binafsi hukupa nafuu ya asilimia 15, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka, na makato ya SHA tangu mwisho wa Desemba 2024 huondolewa katika mapato kabla ya kodi kuhesabiwa. Ni fedha ambazo zingelipa vikao viwili vitatu, na wengi huziacha kwa KRA, mamlaka ya kodi, kwa kutojaza fomu vizuri.

Kwa usiku ambao hausubiri bima wala mshahara, simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, na hailipiwi. Watoto wana 116, na aliyefanyiwa ukatili nyumbani ana 1195.

Jambo la mwisho nililosahau kumwambia mnasihi wangu wakati ule ni kwamba fedha zilikuwa zinaisha. Nilitoweka tu baada ya kikao cha sita, kwa aibu, na simu yake sikuipokea. Baadaye sana tulikutana kwenye harusi, naye akaniambia kwamba ningemweleza hata wiki moja kabla, angegeuza kikao cha mwisho kuwa cha kufunga, akaniandikia muhtasari wa kwenda nao hospitali ya umma, na pengine akanisogeza hadi mara moja kwa mwezi kwa nusu ya bei. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza kama nilikuwa nalala vizuri siku hizi.